Rafiki Yangu Mbuddha Ameniuliza: Huyo Mungu Wenu Hulia?

SWALI

Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mama yangu alifariki miezi minne iliyopita. Kati ya watu waliokaa nami wakati ule ni mfanyakazi mwenzangu ambaye ni Mbuddha. Alikuja siku nyingi, akaketi tu, hakuhubiri. Siku moja nililia sana mbele yake. Akaniambia kwa upole kwamba kwao wanafundishwa kuwa huzuni huzaliwa na vitu na watu tunaowang'ang'ania, na kwamba upo upendo usiong'ang'ania, wanauita metta. Nikamjibu kwamba Biblia yetu inasema Mungu ni upendo. Akaniuliza, wala hakuwa na dhihaka: "Huyo Mungu wenu, akipenda, hulia?" Nilikosa jibu. Tangu hapo najiuliza kama upendo wao na wetu si ule ule kwa majina mawili. Je, wao wana Mungu? Na ni kosa mimi kuketi naye anapofanya ile tafakari yake ya kuvitakia heri viumbe vyote? Wengine kanisani wameniambia nimkwepe.

JIBU

Amina, binti yangu. Pole sana kwa kuondokewa na mama. Miezi minne ni kama jana, na usikubali mtu akuhesabie siku za kulia.

Nianze na huyo rafiki kabla ya kugusa mafundisho yake. Wale watatu waliomwendea Ayubu tunawakumbuka kwa maneno yao yaliyochoma, tukasahau kwamba walianza vizuri. Waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, wala hakuna aliyemwambia neno, kwa kuwa waliona uchungu wake ni mkubwa mno. Walipofungua vinywa ndipo walipoharibu. Rafiki yako ameketi nawe kama walivyoketi wale katika siku zao saba. Anayekushauri umkwepe anakutaka umlipe ubaya mtu aliyekutendea wema msibani, na mimi sijui andiko litakalomsaidia kusema hivyo. Hilo naliacha hapo.

Swali lake ni zito kuliko alivyodhani, na nitalijibu. Ila haki inataka kwanza tumwelewe anasema nini, maana Wakristo wengi huishia kusema "Wabuddha hawana hisia" au "wanaabudu sanamu" na kujiona wamemaliza.

Neno metta ni la Kipali, lugha ya maandiko ya kale ya Ubuddha, na lina undugu na neno la lugha hiyo linalomaanisha rafiki. Ni nia njema isiyobagua, ile hali ya moyo inayomtakia mwingine heri bila kuuliza yeye ni nani kwangu. Liko shairi fupi katika maandiko yao, linakaririwa mpaka leo katika mahekalu na majumbani, linalosema hivi kwa maana yake: kama mama anavyomlinda mwanawe wa pekee kwa uhai wake mwenyewe, ndivyo mtu aukuze moyo usio na mipaka kwa viumbe vyote. Ushike mfano huo wa mama na mwana wa pekee. Nitaurudia, kwa sababu jibu lako lote limelala humo.

Tena hawakuiacha metta iwe neno zuri la kupambia mazungumzo. Katika karne ya 5 baada ya Kristo, kule Sri Lanka, mtaalamu wao Buddhaghosa aliandika jinsi ya kuifanyia mazoezi. Mtu aanze kujitakia heri mwenyewe, kisha amtakie anayemheshimu na kumpenda, kisha yule ambaye hana habari naye, mwisho adui yake, mpaka ukuta kati ya hao wote ubomoke. Na aliweka onyo ambalo natamani lingehubiriwa kwetu pia. Kila wema wa moyo una adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali wa metta ni chuki, na huyo kila mtu anamjua. Adui wa karibu ni mapenzi ya kumiliki, na huyu ndiye wa hatari kwa sababu amevaa nguo za upendo. Baba anayemzuia binti yake asiolewe huku akisema "nampenda mno" ameshikwa na adui wa karibu. Hata ule utulivu wao wa moyo unaoitwa upekkha, ambao sisi huudhania kuwa ndio ubaridi wenyewe, una adui wake wa karibu, naye ni kutojali. Kwa hiyo mtu akikuambia Ubuddha unafundisha kutojali, mjue hajausoma. Kutojali wamekuandika katika orodha ya magonjwa.

Nikupe kisa kimoja kilichomo katika vitabu vya kanuni za watawa wao. Buddha alikuwa akikagua makao ya watawa, Ananda mhudumu wake akiwa nyuma yake, wakamkuta mtawa anayeharisha, amelala katika uchafu wake mwenyewe. Hakuna aliyemhudumia. Wenzake walipoulizwa walisema, huyu hana faida kwetu. Buddha akamtuma Ananda maji. Yeye akamimina, Ananda akaosha. Kisha Buddha akamshika kichwani, Ananda miguuni, wakamwinua wakamlaza kitandani. Halafu akawaambia wale watawa kwamba hapa hamna mama wala baba wa kuwauguza, na msipouguzana ninyi kwa ninyi, nani atawauguza? Anayetaka kunihudumia mimi, na amhudumie mgonjwa.

Wewe uliyelelewa na Injili ya Mathayo sura ya 25 umeshasikia mwangwi: kadiri mlivyomtendea mmojawapo wa hao ndugu zangu walio wadogo, mlinitendea mimi. Sitakudanganya kwamba mfanano huo ni wa juu juu. Kila nikikisoma kisa kile naona haya nikikumbuka wagonjwa tuliowaombea kwa sauti kubwa bila kuwaletea maji.

Sasa twende penye huzuni, maana ndipo rafiki yako alipokugusa. Maneno aliyokuambia hakuyabuni. Yuko mama mmoja tajiri, mcha dini, aitwaye Visakha, wa mji wa Savatthi. Siku moja alikuja kwa Buddha jua la mchana, nywele zimelowa, nguo zimelowa, kama wafiwa wa kwao walivyokuwa baada ya kuoga. Mjukuu wake amekufa, naye ametoka moja kwa moja kwenye mazishi. Buddha akamwuliza: Visakha, ungependa kuwa na watoto na wajukuu wengi kama watu wa Savatthi? Akasema, ningependa. Na Savatthi wanakufa wangapi kwa siku? Akajibu kwamba siku nyingine hufa watu kumi, siku nyingine tisa, siku nyingine mmoja, lakini haipiti siku bila mtu kufa. Basi ingekuwako siku ambayo nywele zako zingekauka? Akasema, hapana, bwana. Ndipo Buddha akamwambia kwamba mwenye wapendwa mia ana huzuni mia, mwenye mmoja ana huzuni moja, na asiye na mpendwa hana huzuni.

Ukiisoma haraka utasema ni maneno makali kwa mfiwa. Mimi nimeyaona kama maneno ya tabibu. Kwa Buddha, maisha yote yana kasoro inayouma, na chanzo cha maumivu ni kiu: kutaka vikae visivyokaa. Wala si vitu peke yake visivyokaa. Hata huyu "mimi" anayevishika, ukimchunguza, hakuna ndani yake nafsi ya kudumu. Ukiizima kiu, maumivu yanakatika. Upendo unaobaki baada ya hapo ni ule usiodai. Unatoa kama taa inavyotoa mwanga, haujali nani amekaa karibu nayo.

Na usifikiri alikosa huruma kwa anayelia. Alipokuwa anakaribia kufa, Ananda alijitenga, akaegemea mwimo wa mlango akilia kwamba mwalimu wangu anayenihurumia anakwenda zake. Buddha hakumkemea. Alituma aitwe, akamkumbusha kwamba wote tuwapendao tutaachana nao, kisha akamsifu mbele ya wenzake kwa miaka yote aliyomhudumia kwa metta, kwa matendo, kwa maneno na kwa mawazo. Nadhani rafiki yako alikuwa anajaribu kukufanyia vile vile.

Umeuliza kama wana Mungu. Jibu fupi ni kwamba miungu wanayo, ila Mungu tunayemkiri sisi katika mstari wa kwanza wa imani yetu, Muumba wa mbingu na nchi, hawamkiri. Katika maandiko yao miungu wanaishi maisha marefu ya raha, lakini nao wamo ndani ya gurudumu la kuzaliwa na kufa, nao siku yao itafika. Liko simulizi la mtawa aliyepanda mbingu baada ya mbingu akiuliza swali moja, mpaka akamfikia Brahma Mkuu, ambaye miungu wengine wote walimwambia ndiye ajuaye. Brahma akajitangaza: mimi ni muumba, mimi ni mtawala, baba wa vyote. Mtawa akasema, sikukuuliza hilo. Mwishowe Brahma akamshika mkono, akamvuta kando, akamwambia kwa siri kwamba hata yeye hajui, arudi kwa Buddha. Usikasirike ukisikia hayo. Huyo Brahma anayeumbuliwa pale si Baba wa Bwana wetu Yesu Kristo. Ni kiumbe mkubwa aliyeamka wa kwanza akadhani amewafanya waliofuata. Hata nabii Isaya angeungana na Buddha kumkana mungu wa namna hiyo.

Lipo pia andiko lao linalosema kwamba kuna kisichozaliwa, kisichofanywa, na kama kisingekuwapo kusingekuwa na njia ya kutoka katika vilivyozaliwa. Wakristo wengine wakisoma hapo wanaruka kwa furaha: "huyo ndiye Mungu!" Mimi nasema polepole. Andiko hilo linanena nirvana, mwisho wa kiu. Halisemi kwamba hicho kisichozaliwa kinamjua mtu, au kinamwita mtu, au kinampenda.

Kosa la kuunganisha haraka lina historia yake. Mmisionari Francis Xavier aliposhuka Kagoshima, Japani, mwaka 1549, alimtafuta Mungu katika lugha ya watu, na mkalimani wake akampa jina Dainichi. Akahubiri Dainichi, na baadhi ya watawa wa Kibuddha wakampokea kwa furaha wakidhani amekuja mwenzao. Baadaye aligundua kwamba Dainichi ni Buddha wa ulimwengu wote katika madhehebu yao, wala si Muumba aliye tofauti na alivyoviumba, akabadilisha, akatumia neno la Kilatini, Deus. Neno la upendo nalo liliwapa shida. Neno la kawaida, ai, katika masikio ya Kibuddha lilinukia kiu na kung'ang'ania, kitu cha kuponywa. Hivyo Wakristo wale wa kwanza wa Japani walisema taisetsu, yaani kuwa wa thamani. Badala ya "Mungu anakupenda" wakasema, kwa maana yake, wewe ni wa thamani kwake. Nalipenda neno hilo, na nitalitumia kabla sijamaliza.

Utakutana pia na Wabuddha wanaomwita Amida kwa imani. Katika Mahayana, tawi mojawapo kubwa la Ubuddha, kuna walioishika safari ya kuamka wakaapa hawatawaacha nyuma wengine, na Amida ni mmoja wao: mtawa wa zamani za kale aliyeweka nadhiri 48, akaahidi kwamba atakayeliita jina lake atazaliwa katika nchi yake safi. Shinran, aliyeishi Japani kuanzia 1173 mpaka 1263, alifundisha kwamba mtu hawezi kujiokoa kwa juhudi zake, amtegemee Amida tu. Ni karibu mno na neema tunayoihubiri. Hata mwanateolojia Karl Barth alisimama hapo kwa muda mrefu na kukiri ukaribu huo, akasema tofauti inayobaki ni jina la Yesu Kristo. Lakini kumbuka kwamba Amida alifika hapo alipo kwa safari. Hakuwa hapo tangu mwanzo.

Na hilo "tangu mwanzo" linanirudisha kwa yule mama.

Shairi la metta linamtwaa mama na mwana wake wa pekee kisha linakuambia: wewe uwe mama. Ukuze moyo huo. Ni agizo jema, na anayelitii ni baraka kwa majirani zake. Sasa msikie Isaya 49:15. "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Mfano ni ule ule, ila umegeuzwa. Hapa hujaambiwa bado uwe mama. Umeambiwa kwamba wewe ni mtoto, na yuko anayekukumbuka kuliko mama. Lugha yenyewe inalijua hili. Neno letu rehema limetoka Kiarabu, na mzizi wake ndio uliozaa neno la tumbo la uzazi. Kiebrania cha manabii ni hivyo hivyo: huruma za Mungu na tumbo la mama ni mzizi mmoja. Kila unapoimba kuhusu rehema za Bwana, umetaja tumbo lililokubeba.

Basi hapo ndipo tunapoachana na rafiki yako, hata kama mikono yetu inafanya kazi ile ile. Kwake upendo ni tunda la moyo uliotakaswa. Ulimwengu hauna mwenye kuupenda. Una viumbe wanaoumia, na wachache walioamka wanaowahurumia. Kwetu upendo ulikuwako kabla ya kiumbe yeyote kuwapo wa kupendwa. Yesu anamwambia Baba katika Yohana 17 kwamba ulinipenda kabla ya kuwekwa msingi ulimwengu. Hiyo ndiyo sababu ya kuushika Utatu kwa nguvu, na wala si fumbo la kuwasumbua wanafunzi wa kipaimara. Mungu aliye peke yake bila wa kumpenda tangu milele angeweza kuwa mwenye nguvu, hata mwenye wema, lakini Yohana asingeweza kuandika kwamba Mungu NI upendo. Angesema tu kwamba Mungu alianza kupenda alipoumba. Tunasema Baba, Mwana na Roho Mtakatifu kwa sababu kupenda hakukuanza. Ndiyo maana mtume anaendelea kusema kwamba pendo si kwamba sisi tulimpenda Mungu, bali kwamba yeye alitupenda sisi. Sisi ni wa pili katika jambo hili, na kukubali kuwa wa pili ndiyo imani yenyewe.

Haya, hulia?

Hapa nikuambie wazi kwamba Kanisa la kale lilisita, na lilikuwa na sababu. Mababa wa Kanisa, yaani walimu wake wa karne za kwanza, walifundisha kwamba Mungu katika uungu wake hatekwi na maumivu, hayumbishwi, hapungukiwi. Waliogopa mungu mwenye hasira za ghafla na mapenzi ya kumiliki, kama wale wa hadithi za Kiyunani. Evagrio, mtawa wa jangwa la Misri aliyefariki mwaka 399, aliandika kwamba upendo ni mtoto wa moyo uliotulizwa tamaa zake, na rafiki yako akisikia hilo atajihisi yuko nyumbani. Lakini Mababa hao hao hawakuweza kuikwepa Yohana 11:35, aya fupi yenye maneno matatu: "Yesu akalia machozi." Nani aliyelia? Mtaguso wa Kalkedonia, mkutano mkuu wa maaskofu wa mwaka 451, ulijibu kwamba Kristo ni mmoja, Mungu kweli na mtu kweli, wala hakugawanyika. Kwa hiyo huwezi kusema alilia yule mtu wa Nazareti huku Mwana wa Mungu akiangalia pembeni macho makavu. Aliyelia ni Mwana wa Mungu, kwa macho aliyoyapata kwa Mariamu. Mjibu rafiki yako kwamba ndiyo, huyu wetu alilia, tunajua kijiji na tunajua jina la maiti.

Tazama pia alilia lini. Alikuwa ameshawaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Alijua kwamba baada ya kitambo kidogo jiwe litaondolewa na rafiki yake atatoka na sanda zake. Anayejua hivyo, kwa hesabu ya kawaida, hana haja ya kulia. Naye akalia, na watu wakasema, angalieni jinsi alivyompenda. Machozi yake hayakutoka katika kutojua kwamba vitu havidumu. Hayakutoka katika kung'ang'ania pia, kwa kuwa alikuwa njiani kuutoa uhai wake mwenyewe, wala hakung'ang'ania hata huo. Yalikuwa upendo wenyewe ukisimama mbele ya kaburi. Visakha alikuja na nywele zilizolowa akafundishwa jinsi zinavyoweza kukauka. Mariamu wa Bethania alikuja analia, na Bwana akalia naye, kisha akaliendea kaburi.

Na kaburini hakutoa mafundisho. Alitaja jina: Lazaro, njoo huku nje. Kwa rafiki yako wokovu ni kutoka katika gurudumu, na huko mbele kumshika huyu mmoja kwa jina lake hakuna maana tena. Kwetu ahadi ni ufufuo, yaani kwamba huyu, mwenye jina hili na makovu haya, ni taisetsu, ni wa thamani kwa Mungu kiasi kwamba hakubali apotee. Mama yako hakuwa wimbi lililopita. Unapomlilia humkosei Mungu, wala huonyeshi kwamba hujakomaa kiroho. Unamlilia mtu ambaye Mungu mwenyewe hajakubali kumwachia kaburi.

Lakini usilitumie hilo kumfunga rafiki yako mdomo, kwa sababu onyo lake tunalihitaji. Augustino, Mwafrika wa Thagaste, anasimulia katika maungamo yake jinsi alivyompoteza rafiki wa ujana akaona kila mahali ni mauti, kwa sababu, anasema, aliimwaga roho yake mchangani kwa kumpenda mtu wa kufa kama vile hatakufa. Huyo ni adui wa karibu wa Buddhaghosa, ameelezwa na askofu. Dawa aliyoipata Augustino haikuwa kupenda kidogo. Aliandika kwamba heri mtu anayempenda Mungu, na rafiki yake katika Mungu, na adui yake kwa ajili ya Mungu. Miaka ikapita, na mwaka 387 mama yake Monika akafa huko Ostia. Mazishini alijikaza, macho makavu, akiona aibu kulia, na akateseka kwa kule kujikaza. Baadaye, akiwa peke yake mbele za Mungu, aliyaachia machozi yatiririke, akayafanya mto wa kuulaza moyo wake. Akasema kama kuna atakayeona ni dhambi kwamba nilimlilia mama yangu sehemu ndogo ya saa moja, asinicheke. Kama ana upendo mkubwa, alilie dhambi zangu. Msome mwanangu, utajikuta humo.

Basi, upendo wao na wetu ni ule ule? Tendo mara nyingi ni lile lile. Mzizi tunaotaja si ule ule, na mwisho tunaotazamia si ule ule, na kumwambia rafiki yako kwamba "kumbe sote tunasema kitu kimoja" ni kumkosea heshima yeye na sisi. Vile vile sitamwita Mkristo asiyejijua. Hajaniomba nimbatize akiwa hayupo. Ila mimi kwa upande wangu nimefungwa na 1 Yohana 4:7, kwamba pendo latoka kwa Mungu. Sikuruhusiwa kuweka mpaka katika aya hiyo. Alipoketi nawe siku zile, mimi naamini Roho Mtakatifu hakuwa mbali na kile kiti, hata kama yeye atalieleza jambo hilo kwa namna nyingine.

Kuhusu tafakari yake: kaa naye, hakuna kosa katika kukaa kimya karibu na mtu anayewatakia watu heri. Kama kuna sanamu inayotolewa sadaka au mahali pa kuinama, hapo usishiriki, na umweleze sababu yako kwa adabu. Atakuelewa, kwa sababu watu wanaoishika dini yao huwaelewa wanaoishika yao. Wewe akiwa kimya, omba. Unaweza hata kuufuata utaratibu wake: jitaje wewe mwenyewe kwanza mbele za Mungu wako, kisha unayempenda, kisha yule mlinzi wa mlangoni ambaye hujawahi kumwuliza jina, kisha yule aliyekuumiza. Tofauti ni kwamba hutasema "na awe na amani" ukiielekeza hewani kutoka moyoni mwako. Utamwomba Baba, ambaye huwaangazia jua lake waovu na wema. Hapo kwa adui ndipo utakapojua kama unaomba au unakariri. Ukikwama, usione aibu. Ni mahali ambapo hata Wabuddha wameandika kurasa nyingi za kusaidiana.

Na siku moja, mkiwa mmetulia, msomee Yohana 11 yote, usiruke hata pale Martha anapomlaumu Bwana kwa kuchelewa. Halafu mwombe naye akusimulie habari za Visakha kwa namna wanavyozisoma kwao, umsikilize mpaka mwisho bila kuandaa jibu. Akikuuliza jambo jingine ambalo huna jibu lake, mwambie huna, kisha uniandikie.